Sarafu Ambayo Sikuiosha

Kwihara,
14 Agosti 1976

Mwanangu Nyamizi,

Umekwenda kuaga kwa shangazi yako Mwashi, na ninavyomjua dada yangu hatakuachilia mpaka ule ushibe. Kwa hiyo nina mchana huu wote, na nina daftari lako la zamani la hesabu ambalo kurasa zake za nyuma ni tupu. Kesho wakati kama huu utakuwa kwenye treni. Habari za sweta, dawa ya malaria na vyakula vya kutembezwa stesheni, shangazi yako amekwisha kuzisema na atazisema tena. Mimi sizirudii. Naandika jambo ambalo tangu urudi nyumbani nimejaribu mara tatu kukuambia kwa mdomo, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umekula.

Pamoja na daftari hili utakuta kipande cha kanga ya mama yako kilichofungwa kifundo. Tafadhali usikifungue kabla hujamaliza kusoma.

Unazikumbuka zile sarafu tatu zenye tundu la mraba katikati. Ulikuwa kidato cha tano, bwenini, nami nikakuandikia kwamba tumezipata uani kwetu wakati wa kuchimba shimo la choo. Ulijibu kwa furaha kwamba umewasimulia wenzako darasani. Nyamizi, haikuwa kweli. Hazikutoka uani. Mama yako ndiye aliyezipata, akiwa peke yake, kwenye shimo lake la udongo kule kijitoni.

Unajua mama yako alivyokuwa akichimba. Watu walidhani udongo wa vyungu ni udongo tu, lakini yeye alikuwa akishuka taratibu, weusi wa juu anautenga huku, wenye mizizi anautenga kule, mpaka afike kwenye ule wa kijivu anaoutaka, kisha anausugua kwa kidole gumba na kuuonja kwa ncha ya ulimi. Siku ile, kabla ya kufika kwenye kijivu, ukutani mwa shimo alikuta mstari mwembamba wa majivu. Ndani ya majivu kulikuwa na vigae ambavyo, alisema, si vya mkono wa huku, na shanga za bluu, na hizo sarafu tatu zimegandana kama vitumbua vilivyosahauliwa kikaangoni. Hakuwa na kipimo. Akalala kifudifudi juu ya ukingo, akatumbukiza mkono mpaka vidole vikagusa majivu, na udongo ukamfika begani.

Alirudi nyumbani vile vile. Alitembea njia yote mkono mmoja umepakwa tope mpaka begani, hakuufuta, akaja kusimama mbele yangu.

"Baba Masele, angalia udongo ulipoishia," akaniambia.

Nami nikamwambia akaoge.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniudhi kuliko mengine. Mtu anakuletea kipimo kwenye mwili wake, nawe unaona uchafu.

Muda mfupi baadaye ukaitishwa mkutano, tukaambiwa kaya zote zilizotawanyika zitahamia kijiji kipya kando ya barabara, nyumba kwa mstari. Sikuwa na ugomvi na Ujamaa, na sina hata leo. Nilitaka kisima cha karibu, nilitaka zahanati, na shamba la pamoja nimelilima kama wengine. Ila nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kaburi la kaka yako Masele, aliyekufa kabla hujazaliwa, na kila nilipofikiri kwamba watu wengine watafunga mbuzi wao pale nilikosa usingizi. Wakati huo huo nikasikia wazee wakisema kwamba lile tembe la Mzungu, ile nyumba ya zamani ya udongo yenye paa bapa, haliguswi na mtu kwa sababu ni la historia. Nikawaza, kumbe mahali pakiwa pa historia hapahamishwi. Na mimi nina sarafu ambazo hakuna mtu hapa anayejua kuzisoma.

Basi niliposikia kwamba bwana mmoja wa mambo ya kale anakuja kulitazama lile tembe, nikatuma ujumbe apite na kwangu.

Asubuhi ya siku ile mama yako alikuwa akifagia uwanja. Mimi nikachukua majivu, mchanga laini na limau, nikakaa kwenye kigoda, nikazishika zile sarafu moja moja katikati ya vidole viwili, nikazisugua. Nilizisugua kwa moyo wangu wote. Nilifanya kama tunavyofanya siku zote mgeni akija, sufuria zinasuguliwa, mtoto anaogeshwa, anapakwa mafuta mpaka magotini. Zikang'aa kama vifungo vya koti la tarishi. Mama yako akaja na ufagio mkononi, akaziangalia.

"Umefanya nini?"

"Nimezisafisha. Si mgeni anakuja?"

"Kwani anakuja kuzila?"

Nikacheka. Nilidhani anatania.

Yule bwana alikuwa kijana mpole. Alisema "Shikamoo mzee" huku amevua kofia, akakaa chini kwenye mkeka ingawa nilimpa kiti, akatoa kioo cha kukuzia na daftari. Alipozitia mkononi uso wake ukabadilika, naye akajitahidi nisiuone.

"Mzee, zilikuwa hivi hivi zilipopatikana?"

"Zilikuwa na uchafu kidogo."

Akazigeuza upande wa pili. Kisha akauliza, "Na zimetoka mahali gani hasa?"

"Hapa hapa uani kwangu."

Mama yako alikuwa amesimama mlangoni. Akasogea, akaanza kusema, "Mgeni, mimi ndiye niliye..."

"Mama Masele," nikamkata, "mletee mgeni maji ya kunywa."

Mtungi ulikuwa hapo hapo mlangoni, umejaa, na kata imening'inia juu yake. Aliutazama mtungi, akanitazama mimi. Kisha akachukua ndoo, akaupita mtungi, akaenda kisimani. Hakurudi mpaka yule bwana alipoondoka.

Yule bwana alichimba uani kutwa nzima, kwa mikono yake, kwa mwiko mdogo kama wa fundi uashi. Alipata magunzi, kopo la dagaa, na mpini wa kile kijiko chako cha utotoni ulichokililia. Jioni akajifuta jasho, akaniambia bila ukali wowote, "Mzee, ardhi hii haikukaliwa na mtu kabla yako." Sarafu mbili akazichukua. Ya tatu akanirudishia, akasema maandishi yake ni ya Kichina lakini imesuguliwa kupita kiasi. Akaniandikia karatasi: sarafu mbili, zimesuguliwa, mahali zilipopatikana hapajulikani. Hakuandika kwamba mimi ni mwongo. Angeweza.

Mama yako aliporudi na ndoo yake aliuliza jambo moja tu. "Ameandika nini?"

"Ameandika vizuri," nikasema. Wakati ule alikuwa hajui kusoma.

Tukahamia barabarani pamoja na wengine wote. Na kaburi la Masele lipo, hakuna mbuzi aliyefungwa pale, tunakwenda tukitoka kanisani. Ni mwendo wa nusu saa, Nyamizi. Nusu saa kwa miguu, tena kwa miguu yangu mimi ya sasa. Kila nikienda napiga hesabu ya kile nilichokuwa nikikiogopa na kile nilichokiharibu kwa ajili ya hofu hiyo, nami narudi nyumbani nimekasirika, sisemi na mtu.

Kisha likaja darasa la watu wazima, na mama yako akawa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Uliona mwenyewe likizo ile alivyokuwa akisoma kila kitu, mfuko wa chumvi, karatasi ya sabuni, jina la mchungaji kwenye bango la kanisa. Siku moja, wewe umerudi shule, alifungua lile sanduku la bati kutafuta cheti chako cha ubatizo. Mimi nilikuwa nje natia mpini kwenye jembe. Nikamsikia ndani akisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama walivyofundishwa.

"Ma-ha-li. Zi-li-po-pa-ti-ka-na. Ha-pa-ju-li-ka-ni."

Akarudia tangu mwanzo, safari hii bila kukatakata. Akatoka na ile karatasi.

"Nani hapajui?" akaniuliza. "Mimi napajua."

Nilikuwa na nafasi pale. Jembe mkononi, hakuna mgeni, hakuna mkutano, mimi na mke wangu tu. Nikasema, "Mambo hayo yamepita, Mama Masele." Akaikunja karatasi, akairudisha sandukuni. Hakulitaja tena. Tuliendelea kuishi vizuri, alinipikia, tulicheka, na mimi mjinga nikahesabu ule ukimya kuwa msamaha. Ukiwa na mtu wako siku za mbele, akinyamaza juu ya jambo lililomuuma, muulize tena. Muulize hata kama inakuaibisha. Mimi sikuuliza.

Mwaka jana ulipokuwa kambini kwenye jeshi la kujenga taifa, alipolazwa hospitali, yule daktari wa Kichina unayesikia tukimtaja alikuwa akipita wodini kila asubuhi pamoja na mkalimani wake. Nikaona hapa ndipo pa kutengeneza mambo. Nikaja na ile sarafu moja iliyobaki kwenye mfuko wa shati, nikampa mbele ya kitanda cha mama yako. Daktari alifurahi kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini. Akaenda nayo dirishani, akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akarudi taratibu, na mkalimani akatueleza.

Sarafu za namna hii, alisema, zina maandishi manne kuzunguka tundu, kila moja ni neno zima. Mara nyingi la juu na la chini ni jina la enzi ya mfalme aliyeitoa. La kulia na la kushoto husema tu kwamba hii ni fedha ya kutumika, na hayo mawili yamo karibu katika kila sarafu. "Haya mawili ya pembeni yanasomeka," mkalimani akasema. "Juu na chini hamna kitu."

Niliichukua ile sarafu, nikaishika katikati ya vidole viwili kama nilivyoishika asubuhi ile kwenye kigoda. Vidole vyangu vilifunika kulia na kushoto, pale pale. Nilichokificha kwa vidole ndicho kilichopona, na hicho kimo kwenye sarafu zote. Kile cha kuitambulisha hii moja nimekitoa mwenyewe kwa limau.

Daktari alikuwa bado anasema. Hata jina la mfalme, alisema, lingetuambia ilitengenezwa lini, si lini ilifika kwenu. Fedha hizi zilipita mkono kwa mkono miaka mingi sana, na mtu angeweza kuiangusha huku kwenye njia ya misafara wakati mfalme mwenyewe amesahaulika zamani. Cha muhimu ni kujua ilikutwa wapi, katika udongo gani, na kando yake kulikuwa na nini. "Anauliza," mkalimani akasema, "ni nani aliyeitoa ardhini?"

Nikageuka. Mama yako alikuwa amejiinua juu ya kiwiko, ameshika pindo la kanga yake kwenye ngumi, ananiangalia.

"Haya, Baba Masele, sema," akaniambia. "Maji yako hapa mezani. Leo siendi kisimani."

Mkalimani alidhani anaomba maji, akamsogezea glasi. Mama yako akacheka mpaka akakohoa. Nami, Nyamizi, sikusema. Nilimshukuru daktari kwa dawa. Daktari akanipa mkono, akaenda kitanda cha pili.

Majuma mawili baadaye tulimzika.

Ulipokwisha kurudi kambini baada ya matanga, shangazi yako alikuja kugawa nguo zake. Alipofika kwenye ile kanga aliyokuwa nayo hospitali akakuta kifundo kwenye pindo. Nikanyoosha mkono nikifungue, akanipiga kofi vidoleni kama mtoto.

"Acha, kaka. Mikono yako ni ya kuosha."

Ndipo akaniambia. Juma lile lile baada ya kusoma ile karatasi, mama yako alimchukua shangazi yako mpaka kijitoni. Walichimba kwenye ukuta ule ule wa shimo, kwenye mstari ule ule wa majivu, wakapata ushanga mmoja wa bluu na sarafu moja. Ya nne. Mama yako hakuigusa kwa maji. Aliifunga pamoja na udongo wake. "Alisema ni ya Nyamizi," shangazi yako akaniambia. "Nilimwambia amwonyeshe mumewe. Akasema, nikimwonyesha atakwenda kutafuta limau."

Kwa hiyo siku ile wodini sarafu nzima ilikuwa kwenye ngumi yake, daktari amesimama mbele yake, naye hakuifungua. Alikuwa akingoja mimi niseme kwanza. Nimelizungusha jambo hili kichwani mwaka mzima na sioni maana nyingine. Angeweza kuniaibisha kwa kufungua vidole tu. Ningesema neno moja, "ni yeye," tungelijua jina la yule mfalme, na mama yako angelisikia kwa masikio yake.

Mwezi uliopita nilikwenda na shangazi yako mpaka pale. Trekta la shamba la tumbaku limefika karibu, lakini halikusogea ukingoni kwa kuogopa kutitia, na ukuta wa shimo umebaki. Majivu yanaonekana bado. Nililala kifudifudi, nikatumbukiza mkono. Safari hii sikuufuta udongo mpaka nilipofika nyumbani. Watoto wa jirani walinicheka barabarani.

Sasa naandika hapa, kwa mkono wangu na bila kulazimishwa na mtu, maneno ambayo yule kijana wa mambo ya kale alistahili kuyapata toka kwangu siku ile:

Sarafu hii, pamoja na zile tatu za kwanza, zilichimbuliwa na Kalunde, mfinyanzi wa Kwihara, kwenye shimo lake la udongo ukingoni mwa kijito, upande wa kushoto ukishuka toka njia ya zamani ya misafara. Zilikuwa katika tabaka la majivu chini ya udongo mweusi na juu ya udongo wa kijivu wa vyungu, kwa kina cha mkono wake mzima toka vidoleni hadi begani, pamoja na shanga za bluu na vigae visivyo vya huku. Shahidi wa sarafu ya nne ni Mwashi, wifi yake. Aliyesema zimetoka uani ni Yakobo, mumewe. Alisema uongo.

Umeniambia mtakaa Dar es Salaam siku kadhaa kabla ya ndege. Peleka kifundo hiki pamoja na ukurasa huu kwa watu wa mambo ya kale. Sarafu isivuke bahari tena. Imekwisha kufanya safari yake, na mahali ilipoishia ni kwetu. Uwaombe wao waisafishe kwa namna wanayoijua, na uombe uone. Kisha chora kwenye karatasi yale maandishi manne kama yalivyo, hata kama huelewi mstari mmoja, uende nayo China. Umesema mwaka mzima wa kwanza, kabla hamjagusa udaktari, mtafundishwa kusoma lugha yao. Siku utakapoweza, soma la juu na la chini, uniandikie. Hata ikiwa ni sarafu ya kawaida kabisa, ya mfalme asiye na sifa, niandikie. Mimi nitapeleka jibu kaburini kwa mama yako, nilisome kwa sauti, silabi kwa silabi.

Na pale watakapokuuliza jina la aliyezipata, usiniheshimu mimi kwa kusema "wazazi wangu." Sema Kalunde. Hakikisha wameliandika, na kabla hujaondoka waambie wakuonyeshe walivyoliandika.

Nawaona mnakuja barabarani. Shangazi yako amebeba kuku kichwani kwenye tenga, bila shaka anataka upande naye kwenye treni, na wewe unacheka kwa kurudisha kichwa nyuma kama mama yako. Naacha hapa nisije nikakutwa na kalamu nikaanza tena kukuuliza kama umekula.

Ukurasa ule wa ushahidi una majina matatu. Ukifika kwenye langu usiliruke, mwanangu. Nikumbuke hapo hapo lilipo.

Baba yako,
Yakobo